Kaa Chumbani Siku Moja, Ndipo Utaje Kodi

Risala ya Umoja wa Vyumba Mia Mbili na Kumi na Viwili kwa Mkuu wa Idara ya Makazi ya Halmashauri, siku ya kuzindua karo la kufulia na njia ya vitofali. Imesomwa na Katibu.

Mgeni rasmi, Mkuu wa Idara ya Makazi. Maofisa mliofuatana naye. Wenye nyumba wetu mlioketi mstari wa mbele. Wapangaji wenzangu mliosimama kwa sababu viti tumewapa wageni: habari za asubuhi.

KARIBU

Sisi tunaokaa hapa, wapangaji na wenye nyumba kwa pamoja, tunakukaribisha. Kamati ilikuwa imeandika ukurasa mzima wa kukusifu. Nimeutoa. Si kwa dharau. Ni mara yako ya kwanza kufika, hatujajua cha kukusifia, na sifa za bure humharibu mtu. Ukurasa wenyewe tunao. Ukiustahili tutakuletea ofisini.

Badala ya sifa tunakuomba utazame viatu vyako. Umeshuka garini kule barabarani, umepita kwa miguu mpaka hapa ulipoketi, na viatu vimefika vyeupe kama vilivyotoka nyumbani. Mwaka juzi vingefika na rangi nyingine, na kimoja pengine kingebaki njiani. Vitofali ulivyokanyaga tumevitandika sisi. Hatukuleta mkandarasi.

HISTORIA YETU

Hapa nyuma ya barabara kuu kuna nyumba ishirini na tatu zenye vyumba mia mbili na kumi na viwili vya kupangisha. Nyumba za kwanza zilijengwa kwa ajili ya watu wa kiwandani. Kiwanda kikafungwa, vyumba vikabaki, na watu wakazidi kuja, kwa sababu kila mji una kazi ambazo lazima mtu azifanye na lazima mtu huyo alale mahali karibu. Ukikuta hospitali imepigwa deki asubuhi, aliyeipiga ametoka hapa. Mlinzi anayekufungulia geti la ofisi yako, mgeni rasmi, anakaa nyumba ya sita. Amesema nisimtaje kwa jina na nimetii.

Zamani hapa hapakuwa na amani. Kodi ilipanda kila mwenye nyumba alipoota ndoto. Mpangaji alipochelewa, kufuli. Kuna mwenye nyumba mmoja aling'oa mlango wa mpangaji, akaubeba begani akaondoka nao. Mpangaji akamkimbilia na pazia mkononi: "Mzee, umesahau na hili." Leo tunacheka. Siku ile hakucheka mtu.

Amani ililetwa na wanawake wawili. Wa kwanza ni Mama Funguo, huyu hapa mbele, mwenye nyumba ya tatu. Tunamwita hivyo kwa sababu funguo za vyumba vyake vyote huzifunga kiunoni, na ukisikia zinalia kona ile unajua mwezi umeisha. Wa pili ni Mama Dobi, mpangaji wake, yule pale kwenye karo, anayefua nguo za watu kwa mkono tangu ujana wake.

Miaka tisa iliyopita Mama Funguo alisimama mlangoni kwa Mama Dobi akasema, "Mwezi ujao napandisha. Maisha yamepanda."

Mama Dobi akasema, "Sawa, mama. Ila kesho nashinda kwa watu nafua. Njoo ushinde humu chumbani. Pika, oga, fua, jinyooshe. Nikirudi jioni nitajie kodi unayoitaka, nitalipa, sibishani."

"Yoyote?"

"Yoyote, mama."

Mama Funguo akaenda zake anacheka. Alidhani ameokota dodo.

Alifika saa kumi na mbili asubuhi na kanga mpya. Saa moja alikuwa kwenye foleni ya choo, mtu wa kumi na nne. Wote wakamwamkia kwa heshima, na hakuna aliyempisha. Saa nne maji ya bomba yakakatika huku ana sabuni mikononi. Saa saba bati likapata moto, akatoa kigoda nje, akakuta kivuli kimeshajaa watu. Saa tisa ikanyesha. Akatega sufuria, akatega beseni, kisha akaamua kusogeza kitanda. Hapo ndipo alipoona sakafuni alama za miguu ya kitanda: nne hapa, nne pale, nne kule. Simenti ilikuwa imelika. Kitanda kile kilikuwa kimesogezwa kila masika, mwaka hadi mwaka, na hakikuwa na mahali pakavu pa kwenda.

Jioni Mama Dobi akarudi, akaweka kapu chini. "Haya mama, taja."

"Kodi ni ile ile. Kesho naleta fundi wa bati. Lakini wewe mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara sita."

"Uliniambia," alisema Mama Funguo. "Hukunionyesha."

Tangu siku hiyo ndiyo desturi yetu. Mwenye nyumba anayetaka kupandisha kodi anashinda chumbani siku nzima, asubuhi mpaka jioni, peke yake, anaishi kama anavyoishi mpangaji. Jioni anataja bei mbele ya majirani, na mpangaji haruhusiwi kubisha. Imefanyika mara kumi na tisa. Mara kumi na moja mwenye nyumba aliingia na bei akatoka na fundi. Mara nane kodi ilipanda, ikalipwa, na hakuna aliyenung'unika, maana bei iliyotajwa na mtu aliyeshinda chumbani ina jasho lake ndani.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, kaa vizuri, hapa tutajisifu.

Sisi kodi hatuihesabu kwa pesa tu, maana pesa hubadilika thamani kila msimu. Tunaihesabu kwa siku za kazi. Tunachukua mtu wa kipato cha kawaida hapa, mfagiaji wa hospitali, tunauliza: afanye kazi siku ngapi ndipo alipe chumba? Miaka tisa iliyopita ilikuwa siku saba. Leo ni siku tisa katika siku zake ishirini na sita za kazi kwa mwezi. Imepanda, hatukatai. Lakini imepanda kwa hatua za binadamu, na kila hatua ina bati jipya, dari, au choo cha pili nyuma yake.

Usidhani wenye nyumba wameumia. Nyumba ya vyumba kumi hapa kwetu hurudisha gharama ya kujengwa kwake kwa miaka kumi na mmoja, matengenezo yakiwemo. Chumba kikiachwa na mpangaji hakikai kitupu zaidi ya siku kumi na moja. Mama Funguo ana msemo: kodi ndogo isiyokosa ni ng'ombe wa maziwa, kodi kubwa ya kuwinda ni swala. Tena husema, "Chumba kitupu hakina mwenye nyumba, kina mlinzi wa panya."

Sasa tazama kule barabarani, lile ghorofa jipya la fleti. Ni zuri, hatuna wivu nalo. Wiki iliyopita tulikwenda watu watatu tukahesabu mapazia. Madirisha ya mbele arobaini na nane, yenye mapazia kumi na tisa. Jengo lina miaka miwili. Dalali anayetafutia fleti zile wapangaji anaishi kwetu, chumba namba mia na nne. Tulipomuuliza kwa nini hahamii kule, alijibu, "Jamani, kule nauza. Huku naishi."

Karo unalozindua leo lina mabeseni kumi na mawili ya simenti na mfereji wa kupeleka maji machafu mpaka mtaroni. Wenye nyumba walitoa saruji na mabomba, wapangaji tukatoa mikono kwa Jumapili kumi na saba. Fundi mkuu alikuwa mpangaji wa chumba namba thelathini, ambaye hakutaka malipo. Alitaka tu beseni la pembeni liwe la mke wake. Amepewa. Yeyote atakayefulia beseni hilo bila ruhusa shauri yake.

Na chumba namba moja hakipangishwi. Mwenye nyumba angeweza kuweka mtu humo kesho. Amekiacha kwa hiari yake kiwe cha watoto kusomea, kina meza tatu na taa nzuri. Wanangu wawili wanasomea humo, maana kwangu meza ni kitanda. Mwaka jana watoto saba wa vyumba hivi walifaulu kwenda sekondari. Saba, mgeni rasmi. Wapigie makofi, wapo pale ukutani.

KOSA LETU

Sehemu hii haikuwa kwenye rasimu ya kamati. Imeingizwa kwa kura, tisa kwa nane, na wale wanane mpaka sasa wananikazia macho. Lakini mficha uchi hazai, nami nina watoto watatu, kwa hiyo nasoma.

Miezi mitatu iliyopita idara yako ilituma mtafiti kuuliza kodi za nyumba. Tunamwita Dada wa Dodoso. Alikuwa na adabu, ana kishikwambi chake, hana kosa hata moja. Alifika wiki ile ile karo lilipokamilika. Akaona kuna kivuli na watu wengi, akaketi hapo hapo ukingoni mwa karo, nasi tukapanga foleni.

Sasa fikiria mwenyewe. Karo jipya. Vitofali vipya. Tumeumuka kama unga wenye hamira. Halafu unaulizwa mbele ya majirani wote: wewe unalipa kodi kiasi gani?

Wa kwanza alikuwa Kinyozi. Analipa elfu kumi na nane. Lakini nyuma yake alisimama mama wa binti anayemposa. Kinyozi akakohoa. "Elfu thelathini."

Mama Pacha, ambaye anapakana naye ukuta kwa ukuta na analipa ishirini na mbili, akaguna. "Thelathini, kile kisanduku? Mimi dada andika arobaini."

"Arobaini ya nini, shemeji?" akasema Mlinzi wa Benki. "Mimi hamsini, na umeme mbali."

"Umeme gani, na juzi umeazima mshumaa kwangu?"

"Nilikuwa nautaka wa mapambo."

Watu wakacheka, foleni ikasogea, na bei ikasogea nayo. Ikafika zamu yangu, mimi ninayekusomea risala hii, mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Nalipa elfu ishirini na nne. Nikasema hamsini na tano. Mwanangu mdogo akainua uso: "Mama, si ulisema..." Nikamkanyaga mguu.

Wa mwisho alikuwa Fundi Viatu wa chumba namba kumi na saba. Anakaa chumba hicho mwaka wa ishirini na mbili sasa, anashona viatu kibarazani, na anaishi na mjukuu wake wa kike aliye mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Analipa elfu ishirini. Aliposikia sote tumepita hamsini, akanyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Sitini. Na silalamiki."

Dada wa Dodoso akasema, "Asante sana, baba. Kumbe huku mnajiweza."

Tulifurahi. Nitasema kweli, tulifurahi wiki nzima.

Wenye nyumba nao waliulizwa faragha, kila mmoja kwake, na wao waliogopa tozo. Mmoja akasema vyumba vyake anapangisha kwa elfu kumi. Mwingine akasema wapangaji wote ni ndugu zake, wanakaa bure. Ana vyumba kumi na vinne, na tunashangaa ukubwa wa ukoo huo.

Mtaalamu aliyeandika taarifa akakuta namba mbili zinazogombana. Akafanya alichofundishwa. Akatupa ya wenye nyumba, maana kila mtu anajua mwenye nyumba hupunguza. Akashika ya wapangaji, maana ni mpangaji gani mwenye akili timamu atajiongezea kodi? Hatumlaumu. Hakuna chuo kinachofundisha kwamba mtu anaweza kujidai kwa kodi asiyoilipa.

CHANGAMOTO

Taarifa imetoka. Inasema wastani wa kodi ya chumba hapa kwetu ni elfu hamsini na mbili. Fleti za barabarani, zenye choo ndani na roshani, zimeandikwa hamsini. Yaani kwa maandishi ya halmashauri, sisi wa foleni ya choo tunaishi kitajiri kuliko wao.

Taarifa hiyo iko mezani kwako. Tumeambiwa utaisaini mwisho wa mwezi, siku kumi na moja kuanzia leo. Ukisaini, eneo hili litapandishwa daraja, na tozo ya majengo itakuwa mara tatu. Wenye nyumba hawana mti wa pesa. Watatugeukia sisi, na namba ya kutugeukia nayo tumeshawapa kwa midomo yetu. Elfu hamsini na mbili ni siku ishirini na moja za kazi za mfagiaji wa hospitali. Zinabaki siku tano za kula, kuvaa, kusomesha na kuugua.

Tayari imeanza, na imeanza kwa Fundi Viatu. Mwenye nyumba wake ni Mzee wa Nyumba ya Manjano, ameketi pale, kiti cha tatu, na ameniruhusu nimseme mbele yake. Nakala ya taarifa ilipomfikia alimwandikia Fundi barua: kuanzia mwezi ujao, elfu sitini, "kwa kuwa umekiri mwenyewe mbele ya mtumishi wa halmashauri."

Tukamwendea. Tukamwambia, "Mzee, desturi unaijua. Hupandishi mpaka ushinde chumbani."

Akatujibu, "Nishinde ya nini? Mimi ningekaa siku moja nitaje bei. Yeye amekaa miaka ishirini na mbili, na bei ameitaja mwenyewe. Nani kati yetu anakijua chumba zaidi?"

Mgeni rasmi, tulisimama pale kama tumemwagiwa maji. Desturi yetu wenyewe ilikuwa imetugeukia. Fundi Viatu alikuwepo. Alisema neno moja tu: "Ana haki." Akarudi kibarazani kwake, akachukua kiatu, na hakukishona.

Mjukuu wake alikuja kwangu kesho yake. "Shangazi," aliniambia, "babu ameanza kufunga vyombo. Anasema hawezi kumwambia mtu kuwa alidanganya. Bora ahame." Binti yule amebakiza miezi minne ahitimu. Babu amemsomesha kwa uzi na gundi. Na anataka kuhama kwa aibu, si kwa deni. Hadaiwi hata senti.

Ndipo tukaitisha mkutano, na hapo nasema kwa fahari kwamba ndiyo saa nzuri kuliko zote nilizoziona katika miaka yangu hapa. Mimi nilianza. Nikasimama nikasema, "Nalipa ishirini na nne. Nilisema hamsini na tano. Nilitaka mnione." Kisha Kinyozi: "Kumi na nane." Mama mkwe mtarajiwa akamtazama, akasema, "Najua, baba. Mimi ndiye niliyekutafutia hicho chumba." Watu wakaangua kicheko, na baada ya hapo ikawa kama bomba limezibuliwa. Mwisho akasimama Fundi Viatu. "Ishirini," akasema. "Samahanini." Mzee wa Nyumba ya Manjano alikuwa nyuma, ameegemea ukuta. Akavua kofia.

Lakini maneno ya mkutanoni si ushahidi, na sisi tumeshajua ubaya wa kuuliza watu kodi hadharani. Kwa hiyo tukaleta sufuria mbili kubwa zenye vifuniko. Wapangaji wote wakaandika kodi yao ya kweli kwenye karatasi, bila jina, namba ya chumba tu, wakaikunja wakatia sufuria ya kwanza. Wenye nyumba wakafanya hivyo hivyo kwenye sufuria ya pili, hata yule mwenye ukoo mkubwa. Tukafunua mbele ya watu. Vyumba mia mbili na kumi na kimoja vinavyopangishwa, namba zikalingana zote isipokuwa mbili. Kati ya hizo mbili, kimoja mpangaji alikuwa amesahau nyongeza ya mwaka jana, na sasa anaikumbuka. Cha pili mwenye nyumba alisahau kupunguza, na sasa anapunguza. Wastani wa kweli ni elfu ishirini na mbili.

Sufuria hizo ziko mezani mbele yako. Ndizo viambatanisho vya risala hii. Tunaomba karatasi ubaki nazo, sufuria uturudishie, zina wenyewe.

Na Mzee wa Nyumba ya Manjano? Barua yake ameikunja ameitia mfuko wa shati. Ametuambia waziwazi: "Halmashauri isiposaini, naichana. Ikisaini, naitoa. Tozo mara tatu nitailipa kwa nini, kwa masharubu?" Hatumwoni mbaya. Amesema la kweli, na kweli ndiyo tuliyoikosea sote. Barua imo mfukoni mwake hata sasa hivi ninaposoma. Ukitazama utaiona pembe yake.

MAOMBI

Kamati iliandika maombi tisa. Gari la taka, dawa ya mbu, na mengine ya kweli kabisa. Yamo nyuma ya karatasi hii, utayasoma ukipata wasaa. Kwa mdomo tunaomba moja.

Hatukuombi uamini namba yetu mpya. Tulikwishakupa ya kwanza na ilikuwa ya uongo. Mtu mwenye busara hawezi kuamini ya pili kwa sababu tu imetoka kwenye sufuria. Wala hatuombi huruma. Sisi si watu wa kuonewa huruma, umepita kwenye vitofali vyetu umeona.

Tunaomba ufuate desturi ya hapa. Anayetaka kupandisha chumba ashinde chumbani. Wewe ndiye unayetaka kukipandisha.

Chumba namba kumi na saba kiko tayari. Fundi Viatu amekitoa mwenyewe. Vyombo alivyokuwa amefunga amevifungua ili upate cha kupikia. Siku yoyote kati ya hizi kumi na moja, njoo saa kumi na mbili asubuhi, bila gari kusubiri na bila watu wa kukubebea maji. Fundi atakuwa kibarazani na viatu vyake, hatakusemesha. Foleni ya choo utaifuata kama sisi. Tutakuamkia kwa heshima zote, na tunakuonya mapema kwamba hatutakupisha. Karo utalikuta, na utafua kwenye beseni lolote, isipokuwa lile la pembeni.

Jioni tutakusanyika hapa, nawe utataja kodi ya chumba kile. Ukisema elfu ishirini, andika ishirini. Ukisema hamsini na mbili, saini taarifa yako, Mzee atoe barua yake mfukoni, nasi tutalipa au tutahama, na hutasikia neno kutoka kwa yeyote kati yetu. Tumeliwekea kura hilo pia. Halikupingwa na hata mmoja. Fundi Viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

MWISHO

Kwa kawaida risala humalizika kwa zawadi, na mgeni hupewa kitu cha kutundika ukutani. Sisi tunakupa kitu cha kufungulia mlango.

Mama Funguo, mama yetu, tafadhali simama. Ufunguo huu umetoka kiunoni mwake. Mzee wa Nyumba ya Manjano amempa aukabidhi yeye, kwa kuwa ndiye wa kwanza kati ya wenye nyumba kushinda chumbani. Kipande cha ngozi kilichoning'inizwa hapo amekishona Fundi Viatu, kwa uzi uliosokotwa mara mbili, usiokatika. Ameandika juu yake namba ya chumba. Kitasa ni kigumu kidogo: inua mlango kwanza, halafu zungusha kushoto.

Mungu akujalie paa lisilovuja, majirani wasemao kweli, na kitanda ambacho mvua haikihamishi. Awajalie hivyo na watoto wako, popote watakapopanga.

Ni sisi,

Umoja wa Vyumba Mia Mbili na Kumi na Viwili,
wapangaji na wenye nyumba.